Wiki Saba za Manfuha

Mejuma, mke mwenzangu,

Ni mimi, nyanyako. Usicheke mwandiko. Wamefungua darasa la watu wazima nyuma ya msikiti hapa Msambweni, nami naenda na bakora yangu, naketi mbele, na mwalimu ananiogopa. Wewe ulikuwa ukinitania kwenye simu kwamba hesabu ninayoijua ni ya mahamri tu. Haya, sasa najua kuandika, na mtu wa kwanza ninayetaka kumwandikia hawezi kusoma. Ndivyo ulivyo. Hata kufa umekufa kinyume, ukanitangulia mimi mwenye miaka sitini na kitu, niliyeota mvi zote Uarabuni.

Nataka nikugombeze kwanza. Miaka minne nimekaa na ugomvi huu kooni.

Nilikwambia nini kuhusu kile kifundo? Nilikwambia ukishone ndani ya mto wako wa kulalia, ukishone kwa uzi wa rangi ile ile, mtu asione. Wewe ukakisukuma chini ya godoro. Chini ya godoro, Mejuma, kwenye nyumba ya mtaa wa Rawdha, Jedda, yenye madam anayegeuza magodoro kila wiki kama anatafuta hazina. Uvivu wa sindano huo. Mamako Mwanaidi ni vivyo hivyo, nguo ikichanika anatia pini.

Basi, nimemaliza. La, sijamaliza, ila daftari linalowa.

Acha nianze mwanzo. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini nisipoyapanga moja baada ya moja nitaruka mahali, nami najijua.

Uliponipigia kwamba ajenti wa Mombasa amekupatia kazi ya nyumba Jedda, nilipiga vigelegele peke yangu chumbani kwangu, mtaa wa Manfuha, mpaka Mhabeshi wa chumba cha pili akagonga ukuta. Nilikuwa nimeshakaa Riyadh miaka kumi na minane bila ikama, ile karatasi ya ukaazi, tangu nilipokwenda umra nisirudi. Nilikuacha una miaka mitano, unaiba nazi kwenye mbuzi kabla sijamaliza kuikuna, nikikuuliza unakataa huku kidevu cheupe. Nikaona sasa nchi moja na mjukuu wangu. Jedda ni mbali na Riyadh, lakini ni nchi moja.

Ndipo nikakwambia kwamba mtoto wa miezi mitano haachwi hivi hivi. Chukua nywele za mwanao Saumu alizonyolewa arubaini, na kile kitovu chake kilichokauka, vifunge kwenye kipande cha kaniki kwa uzi mweupe, ulale navyo. Mamangu alinifungia mimi nilipomwacha mamako mchanga nikaenda kulea watoto wa watu Mombasa. Ni ili moyo wa mtoto usimpotee mamake. Nikakuapisha usimwambie mtu, hata mume, hata wakukate, maana anayejua kitovu cha mtoto kilipo anaweza kumdhuru mtoto. Ukaapa. Ulikuwa na mafua siku ile, kiapo chenyewe ulikitolea puani, tukacheka.

Kwetu ukilitaja jambo hili mwanamke anatikisa kichwa tu, ameelewa. Huko lina jina jingine. Huko ni sihiri, na sihiri huko si umbeya wa kisimani. Ni kesi ya jinai, na mtu anaweza asitoke hai.

Ukiwa mwaka wa pili Jedda, mtoto wa madam akashikwa na kutapika, wiki ya pili hiyo, hali, halali. Madam akageuza godoro lako, akakuta kitambaa cheusi chenye nywele ndani. Akasema ni nywele za bintiye, umemroga. Nataka kumchukia mwanamke yule na siwezi vizuri. Mimi mwenyewe ningekuta kitu kama kile chini ya kitanda cha yaya wa Saumu, ningemtoa mbio na mwiko. Askari wakaja. Wewe ukasema si changu. Kesho yake ukanyamaza kabisa. Kesho kutwa wakakuletea karatasi ya Kiarabu ukatia dole gumba, wala hakuwepo mtu wa kukusomea kwa Kiswahili, na karatasi ile kumbe inasema umekiri.

Si changu, kisha kimya, kisha dole. Sikulaumu kwa hayo. Yote matatu nilikufunza mimi. Nani alikwambia usiseme hata wakukate?

Wakili wako, yule binti Hanadi, ofisi yao ilikuchukua bila malipo, kwa thawabu. Unakumbuka nilivyomcheka? La, hukuwepo. Nilipomwona mara ya kwanza nilimwuliza kama ofisini kwao hakuna mtu mzima. Sura ya mtoto wa skuli, na mkoba mkubwa kumshinda. Lakini Mejuma, yule binti alikuwa na kichwa. Alikuja gerezani na Bi Rahma, yule nesi wa Kizanzibari, amtafsirie, wakakaa nawe mara nne, na mara zote nne hukusema kifundo ni cha nini. Uliwaambia tu kwamba una nyanyako Riyadh, wampigie wampe salamu, wamwambie uko hai. Na wasimwite, hana karatasi.

Akanipigia. Ilikuwa baada ya mara ya kwanza, wiki ya kwanza tu tangu ukamatwe. Sasa hapa ndipo pale nilipokuwa nataka kuruka.

Ilikuwa asubuhi, mafuta yako jikoni, mahamri ya watu wanaokwenda kufungua maduka soko la Dira yako kwenye karai. Akasema kwa Kiarabu, polepole, nikaelewa kila neno: Mejuma yuko gerezani Jedda, ameshtakiwa sihiri, amekataa kusema, je wewe unajua kitambaa cheusi ni cha nini? Mahakama ikisikia kutoka kwa mtu mzima wa familia, kesi inaweza kugeuka.

Nikamwambia, "Umekosea namba." Nikakata. Nikageuza mahamri.

Nimeandika. Nilidhani kalamu itakataa.

Alipiga tena wiki iliyofuata nikaacha ilie. Alituma ujumbe, nikampa Mhabeshi anisomee, nikamwambia ni watu wa matangazo. Wiki saba, Mejuma. Nilikanda unga, nikauza, nikasali, nikakuombea dua ndefu mpaka magoti yakafa ganzi, na kila nikiinuka kwenye mswala naiona simu na siigusi. Nilijiambia wakili ni mtego wa watu wa pasi, wale wa uhamiaji. Nilijiambia huna hatia na asiye na hatia huachiwa. Nilijiambia nikikamatwa mimi nani atawalisha Msambweni. Hilo la mwisho lilikuwa kweli kidogo, ndiyo maana lilinifaa. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa kurudishwa kwetu nimeshikwa kama kuku, mimi niliyekuwa nikiwatumia watu salamu za Maka miaka kumi na tisa. Niliogopa kucheka kwa watu. Wewe ulikuwa umelala sakafuni, na mimi naogopa kuchekwa.

Wiki ya saba akabisha hodi mwenyewe. Alikuwa amekuja Riyadh kwa kesi nyingine, akauliza Manfuha yote mama wa mahamri yuko wapi. Nikamketisha juu ya ndoo ya unga. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alieleza kama mtu anayepanga vyombo. Karatasi ya dole gumba alikuwa ameipinga, amemwambia hakimu mtu hawezi kukiri kwa lugha asiyoijua, na hakimu amesikia. Nywele alikuwa ameomba zipimwe. Lakini pengo lilibaki: kama si uchawi, ni nini? Na mshtakiwa hasemi. Kila akinyamaza, kimya chake kinaandikwa.

Kisha akaniambia ulivyomjibu siku ile alipokulazimisha. Ulimwambia, "Nyanya anajua, lakini msimsumbue. Wakimshika atakufa na aibu."

Ulinijua hivyo, mtoto wewe. Miaka kumi na tisa hukuniona uso, ukanijua mpaka utumbo.

Akasema hanifichi. Nikiingia mahakamani wataniuliza ikama, na yeye hawezi kusema uongo mbele ya hakimu wala kunificha. Atanitetea, lakini nitashikwa na nitarudishwa, na hilo ndilo jepesi. Zito ni kwamba nikisema mimi ndiye niliyekufunza, hakimu anaweza kuona wachawi ni wawili. Nikamwambia subiri. Nikafungua sanduku langu, nikatoa chupi za baridi, nikatoa sanda yangu niliyoiosha kwa Zamzam, na chini kabisa nikatoa kifundo changu mimi. Cha mamako. Zaidi ya miaka arubaini sikukifungua.

Akakigeuza mkononi. Akasema, "Hiki kinaweza kumtoa, na kinaweza kukuweka ndani na yeye." Nikamwambia yalla, twende.

Hakunipeleka yeye, sheria hazimruhusu, lakini aliniambia siku na mlango. Nilikwenda na dereva Msudani, mimi na wanawe nyuma, kila tukifika kwa askari wa barabarani nafunika uso na kukoroma. Nilikoroma safari nzima ya kutoka Riyadh mpaka Jedda. Ungekuwepo ungenivunjia heshima kwa kicheko.

Kwa Bi Rahma alinikalisha siku mbili, wakili akija jioni kunifunza kusema. Ukiulizwa jina sema jina. Usianze na babu yako. Usimjibu hakimu swali ambalo hajauliza. Usimtukane madam. Akauliza jina langu nikaanza na babu yangu. Akashika kichwa.

Siku ya kesi nilikuja nimevaa buibui jipya la Bi Rahma, nikitafuta uso wako. Wakaniambia hukuletwa, umelazwa, kifua. Kukohoa kulianza wiki ya tano, Bi Rahma akaniambia ukutani pale. Wiki ya tano. Mimi nilikuwa wapi wiki ya tano? Nilikuwa nagombana na muuza hiliki.

Hakimu alikuwa mtu wa umri wa mwanangu, ndevu safi, sauti ndogo. Mtafsiri wa mahakama alikuwepo, lakini nilisema Kiarabu changu cha sokoni, na pale kilipokwisha nikasema Kiswahili. Nikaeleza. Nikasema hiki ni cha mwanangu, kile ni cha mtoto wa mjukuu wangu, vifungueni vyote viwili muone ni ufungaji mmoja. Fundo langu lilikuwa limekaza, nikalifungua kwa meno mbele ya watu wote. Ndani nywele za mamako, kidogo tu, na kitovu kimekauka kama ganda la tangawizi. Kitu ambacho mamangu aliniambia nisimwonyeshe mtu, nilikiweka juu ya meza ya mahakama ya Jedda.

Wakili akasimama. Akaonyesha hakuna maandishi, hakuna sindano, hakuna jina la mtu. Akaomba nywele za binti wa madam ziletwe karibu na za Saumu. Zile zimenyooka mpaka kiunoni, hizi za Saumu ni chembechembe za pilipili manga. Hata kipofu angezijua kwa kidole. Hakimu akauliza nini kilisomwa juu ya vitu hivi. Nikamwambia mamangu hakujua kusoma, angesoma nini? Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Wakili akanitazama ninyamaze, nikanyamaza.

Kisha hakimu akaniuliza jambo ambalo sikufunzwa. Akasema, huyu binti yuko gerezani muda wote huu, na wewe ulikuwa Riyadh. Kwa nini hukuja?

Ningeweza kusema sikujua. Wakili wangu alikuwa ameinama anasoma karatasi isiyo na kitu. Nikamwambia hakimu, "Nilijua. Niliogopa."

Hakuandika haraka. Aliandika polepole.

Alinigombeza pale, Mejuma, mbele ya watu, kwamba kutundika moyo kwenye kitambaa ni shirki, na mtu wa umri wangu anapaswa kujua. Nikasema astaghfirullah mara alizotaka. Mimi, ninayegombeza hata maimamu. Akaamuru vifundo viwili vichomwe. Nikatoka mlangoni, askari wa pasi wakanichukua taratibu, mmoja akanibebea mkoba.

Hukumu ikaja wiki mbili baadaye nikiwa kwenye nyumba ya kungoja kurudishwa. Hakuna sihiri. Ujinga na mila, mwenye mila ametubu, mshtakiwa aachiwe apelekwe kwao. Wakili alikuja kuniambia mwenyewe, na yule binti aliyekuwa akipanga maneno kama vyombo akalia kwa kwikwi mpaka wanawake wa Kihabeshi wakamletea maji. Nikamwambia mwanasheria halii. Akasema leo halas, basi, leo analia. Akawaomba wakubwa wa pale, akaomba tena, akaandika barua tatu, nikapewa saa moja hospitali na askari wa kike mlangoni.

Hiyo saa moja ndiyo yote tuliyopata, mimi na wewe, watu wazima.

Nilikutafuta kitandani sikukuona, nikakupita. Nilikuwa natafuta mtoto wa miaka mitano, unisamehe. Ukaniita. Ulikuwa umekonda, midomo imepasuka, na bado ukaniambia, "Nyanya, mbona mfupi hivi?" Kwenye simu sauti yangu ilikuwa ndefu, ukasema. Nikakupaka mafuta miguuni. Nikakwambia umeshinda kesi. Ukasema unajua, wakili amekwambia, na hakuna mtu mwingine angeweza. Ukaniuliza kama niliogopa hakimu nikasema hakimu ndiye aliyeniogopa. Ukacheka ukakohoa.

Kisha ukanishika kidole hiki ninachoandikia. Ukasema, "Najua walichelewa kukwambia. Ungejua, ungekuja siku ile ile."

Na mimi nikasema ndiyo.

Nikasema ndiyo, Mejuma. Hakimu wa watu nilimwambia ukweli. Mgeni, mwanamume, mtu ambaye sitamwona tena. Wewe ulikuwa umenishika kidole, nikakwambia ndiyo, walichelewa. Askari akagonga mlango. Nikakuahidi tutarudi ndege moja.

Ulikaa siku tatu. Hawakuniruhusu kutoka mara ya pili. Bi Rahma ndiye aliyekuosha, na alinipigia kunieleza yote, kwamba maji yalikuwa vuguvugu, kwamba alizisuka nywele zako mafundo matatu akazilaza nyuma, kwamba wakili alikuja akasimama nje ya chumba. Umezikwa huko Jedda, kwenye makaburi yasiyo na majina. Mimi nilichukuliwa alama za vidole nikarudishwa, na haramu kwangu kuikanyaga tena nchi uliyolala. Nimekaa kule miaka kumi na tisa, sasa nataka saa moja tu ya kusimama mguuni pako, na ndiyo nisiyoweza kupewa.

Basi huku ni hivi. Saumu ana miaka sita. Meno ya mbele hana, mdomo anao. Anaandika jina lako kila mahali, juzi kaandika kwenye mlango wa choo kwa mkaa, nikamchapa, kisha nikakaa nikalitazama, sikulifuta. Mamako ananyamaza sana. Anapika, analima, anakuja kunilalia begani akidhani nimelala. Yule ajenti bado ana ofisi, ameipaka rangi. Wasichana wakipata safari wanakuja kwangu kwanza, nami nawapekua mikoba moja baada ya moja kama mtu wa forodha, na wakichukia wachukie. Nawaambia ukishikwa, sema kweli siku ya kwanza, omba mtafsiri wa lugha yako, usitie dole usichosomewa. Wananisikiliza. Unajua kwa nini wananisikiliza?

Kwa sababu Msambweni yote inanisifu. Nikipita wanasema yule ndiye mama aliyejitia gerezani kwa ajili ya mjukuu wake. Aliposikia tu, aliacha kila kitu akakimbia. Kwenye khitma yako mtu alisimama akasema hivyo, aliposikia tu. Watu wakanipa kiti. Nikaketi. Mamako akanibusu mkono mbele ya watu, na huo mkono nimeuosha mara ngapi sijui.

Nimekula sifa hizo miaka minne kama mahamri yaliyooza, naona uchungu na nameza. Bi Rahma anajua, wakili anajua, hakimu anajua. Waliomo nyumbani mwangu hawajui. Labda ningekuja wiki ile ya kwanza kifua chako kingekuwa kizima. Labda hata ningewahi ungekufa, Mungu ndiye anayejua. Lakini hiyo labda ni yao pia, si yangu peke yangu kuifungia.

Kwa hivyo nakuahidi, na sikuahidi kwa mwezi ujao. Leo. Mamako amekwenda kumchukua Saumu skuli, nimetandika mkeka, nimeteleka chai. Nitawaketisha wote wawili. Nitasema wakili alipiga simu wiki ya kwanza na mimi nikakata. Mwanaidi akinifukuza nitachukua bakora yangu nitakwenda, sitajitetea. Akininyamazia nitanyamaza nami. Saumu akiniuliza kwa nini, nitamwambia niliogopa, na hapo sitaongeza neno.

Na wewe sasa umejua. Hawakuchelewa kuniambia, mama. Nisamehe, au usinisamehe, hilo lako. Lakini usilale tena na uongo wangu.

Lala salama, mke mwenzangu. Mungu akunyooshee mahali pako.

Nawasikia langoni. Saumu anaimba.

Nyanyako